Kutoka Kitovuni Hadi Gotini

Mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, mwenye mtoto mgongoni amshushe, na mwenye pa kuketi aketi vizuri, maana kuketi ndiko kutakakotuhangaisha mpaka mwisho wa safari hii.

Palikuwa na mjane aitwaye Bi Somoe, mpana wa nyonga, mpole wa sauti, mwenye kanga mbili nzuri na nyingine za kushindia. Marehemu kaka yake alimwachia mtoto mmoja wa kike, Zamda, aliyeolewa mbali, katika nchi ya Sitirini. Siku moja zikamfikia Bi Somoe salamu kutoka huko: Zamda hawezi kuketi. Anakula amesimama, analala kifudifudi, homa inampanda na kushuka, lakini watu wasiwe na wasiwasi kwa sababu magoti yake yanatibiwa vizuri sana.

"Magoti?" akasema Bi Somoe. Akafunga mzigo.

Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa. Njia ni njia, mtu hutia mguu mmoja mbele ya mwingine, mwisho akafika. Mpakani alimkuta ofisa mmoja, Bwana Vuai, mtu mwembamba wa adabu nyingi, aliyempekua mzigo kitu kimoja kimoja. Mandazi aliyanusa akayarudisha. Mafuta ya kuchua aliyatikisa akayarudisha. Alipofika kwenye kioo kidogo cha mkononi, chenye ukingo wa plastiki nyekundu, akasimama kidogo. Akayeyusha lakiri nyekundu, akaibandika mgongoni mwa kioo, akapiga muhuri uliosomeka: KWA USO TU.

"Bi mkubwa," alisema, "kioo hiki utakitumia kuanzia kidevuni kwenda juu. Kikishuka chini ya kifua ni kosa."

"Na kikinianguka?"

"Kikikuanguka, fumba macho, uite jirani aje akuokotee. Naye afumbe."

Bi Somoe alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kumshukuru mtu mwenye muhuri.

Alimkuta Zamda amesimama jikoni, anakoroga uji, magoti yote mawili yamefungwa bendeji nene hadi kila moja limekuwa kama boga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa. Mumewe, Mahonge, kijana mwema asiyejua afanye nini, alikuwa amemtengenezea meza ndefu ya kulia chakula akiwa wima.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umefanya nini magoti?"

"Magoti hayana kitu, Shangazi. Ila ndiyo yanayotibiwa."

Hapo ndipo Bi Somoe alipoelezwa mambo ya nchi ile, nami nitawaeleza kama alivyoelezwa.

Katika hospitali ya Sitirini kulikuwa na sanamu ya mti wa mninga iliyoitwa Bibi Mbao. Ilichongwa zamani kwa amri ya Baraza, ili watabibu wajifunze mwili wa mwanamke. Fundi aliyepewa kazi aliambiwa achonge mwili mzima, ila asichonge pasipotamkika. Naye alikuwa mtiifu. Akachonga kichwa, akakisuka na nywele za mabutu. Akachonga shingo yenye mikunjo miwili, kifua, tumbo, kitovu kizuri cha duara. Alipofika pale, akaruka. Akaanza tena magotini. Kiwiliwili cha Bibi Mbao kikachomekwa juu ya magoti yake kwa kijiti, kama sufuria juu ya mafiga, na Baraza likamsifu fundi kwa heshima aliyoionyesha. Tangu siku hiyo mwili halali wa mwanamke ukawa ule wa Bibi Mbao, na wanawake wenyewe wakawa nakala zilizokosewa.

Sheria ilikuwa nyepesi. Mwanamke mgonjwa hakuruhusiwa kusema anaumwa wapi. Alipewa fimbo nyembamba, akamgusa Bibi Mbao pale panapomuuma, na daktari akatibu palipoguswa. Anayeumwa kichwa aligusa kichwa, akapona. Anayeumwa chini ya kitovu alitafuta pa kugusa, hapana. Akagusa palipo karibu, ambapo ni goti. Mkojo ukichoma, goti. Muwasho, goti. Basi hapana duniani wanawake wenye magoti laini kama ya Sitirini. Yamepakwa, yamekandwa, yamefukizwa, yamechanjwa, na mengine yameombewa.

Hata mtoto akizaliwa, karani alikuja mlangoni na kuuliza, "Goti lipi?" Wenye heshima zao walijibu, "La kulia." Wa goti la kushoto walikuwa wachache, nao ni wale ambao baba zao walimjibu karani vibaya au hawakumkaribisha chai. Watu hao harusini waliketi nyuma na kupewa shingo ya kuku. Wakunga wa nchi ile walifanya kazi wakitazama dari. Mikono yao ilijua kila kitu, lakini mikono haiitwi barazani kutoa ushahidi.

Bi Somoe alicheka mpaka akashika ubavu. "Watu wazima na akili zao," alisema. "Haya, niambie mimi. Unaumwa wapi?"

"Huku."

"Huku wapi?"

"Huku, Shangazi. Huko."

"Huko mbele au huko nyuma?"

"Huko huko. Kwa upande."

Bi Somoe akataka kuuliza vizuri zaidi, akakuta neno halipo mdomoni. Alizaa watoto sita, alizika mume, aliwaosha wagonjwa na maiti, na maisha yake yote alisema huko, kule, chini, sehemu zile. Alipochezwa ngoma ya unyago, nyanya yake aliwafinyangia wasichana udongo, akawaonyesha hiki na kile, wakaimba. Kisha udongo ukafinyangwa ukawa donge tena, na nyimbo zikafungiwa humo humo ndani. Hakuna aliyezisema tena mchana.

"Mbona na wewe unasema huko, Shangazi?" akauliza Zamda. "Nawe kwenu mna Bibi Mbao?"

"Nyamaza," alisema Bi Somoe. "Njoo bafuni. Chukua na kibuyu cha maji."

Jua lilikuwa kali na bafu lao lilikuwa la makuti, halina paa, kwa hiyo mwanga uliingia wa kutosha. Bi Somoe akatoa kile kioo chekundu. Zamda alipouona muhuri akarudi nyuma.

"Kimeandikwa kwa uso tu."

"Kila kitu kina uso wake. Chuchumaa."

"Siwezi kuchuchumaa, ndiyo maana umekuja."

Basi akaegemea ukuta, akainua mguu mmoja juu ya ndoo, bendeji ikafunguka na kuburuzika majini, na kioo kikashuka chini ya kifua, chini ya tumbo, mpaka kilipokatazwa kufika. Zamda akatazama. Akatazama tena. Kisha akaanza kucheka, cheko dogo la mtu aliyekuta chumba katika nyumba yake mwenyewe.

"Kumbe ni hivyo tu? Mimi nilidhani ni jambo la kutisha."

"Uvimbe uko wapi?"

"Huu hapa. Kushoto, chini, pembeni ya mlango. Mkubwa kama yai la njiwa, mwekundu." Akachungulia zaidi. "Shangazi, tundu ziko mbili."

"Moja."

"Mbili. Kadogo ka mkojo kako juu, kakubwa kako chini. Njoo uone."

"Ni moja, mwanangu. Nimezaa watoto sita, nitakosa kujua?"

"Wewe ulikuwa unazaa, hukuwa unatazama."

Bi Somoe akainama akatazama. Akainuka taratibu, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. "Watoto sita," alisema, "na mpangaji mwingine humo humo ndani sikumjua."

Asubuhi yake walikwenda hospitali. Daktari Shebe alikuwa kijana mwenye miwani na moyo wa huruma, na alimsikiliza Bi Somoe huku akijifuta jasho.

"Mama yangu, mimi nakuamini. Jipu likiachwa hapo litampandisha homa, na homa ikikolea tutampoteza. Lakini kutibu pasipoguswa kwa Bibi Mbao ni kufukuzwa kazi, na nikifukuzwa atakayekuja baada yangu atatibu kiwiko. Leo nilikuwa nirudie goti la kushoto, labda litakubali."

"Nani anaweza kukuruhusu?"

"Baraza la Goti. Na lazima mgonjwa aonyeshe pahali hapo kwa Bibi Mbao mbele ya wajumbe wote."

Bi Somoe alimtuma Mahonge bondeni kwa mfinyanzi, akarudi na donge la udongo limefungwa katika jani la mgomba, zito kama mtoto wa miezi mitatu.

Baraza lilikuwa na wajumbe wanaume watupu, wote wa goti la kulia. Mwenyekiti, Bwana Mbaruku, alikuwa mzee mpole mwenye kutafuna karafuu. Pembeni yake aliketi Bwana Tindwa, mtaalamu wa nchi nzima katika jambo hili. Bibi Mbao alikuwa katikati ya ukumbi, ametolewa kwenye kabati lake, anatazama mbele kwa macho ya mti. Zamda alipewa kiti kwa heshima. Akakataa kwa heshima. Miguu ilikuwa ikimtetemeka na jasho la homa linamtiririka shingoni, na Bi Somoe alijua kwamba asipoonyesha leo, kesho hataweza hata kusimama.

Bwana Tindwa alifungua mjadala. "Suala hili nimelichunguza tangu ujana wangu," alisema, "kwa mbali, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Maoni yangu ni kwamba chini ya kitovu pana ukungu."

"Mimi nasema pana mlango wenye komeo," alisema mjumbe mwingine.

"Ukungu na mlango vyaweza kuwepo pamoja," alisema wa tatu, ambaye hakupenda ugomvi.

"Bwana Tindwa," aliuliza Bi Somoe, "una watoto?"

"Saba."

"Walitokea kwenye ukungu?"

"Goti la kulia," alisema Bwana Tindwa. "Wote."

Mwenyekiti akatema karafuu. "Mama, hatubishani. Mgonjwa na aonyeshe pahali pake hapa kwa Bibi Mbao. Asichokuwa nacho Bibi Mbao, hakuna mwanamke aliye nacho."

Bi Somoe akasimama. Alikuwa amejipanga vizuri tangu alfajiri, maneno yote ameyapanga kama vikombe kwenye sinia. Akafungua mdomo. "Waheshimiwa," alisema, "ni huko…"

"Huko kusini au mashariki?" aliuliza karani, naye hakuwa na dhihaka, alitaka kujua.

Ukumbi ukacheka. Bi Somoe akasikia masikio yanamwaka. Na hapo Zamda, akichechemea na mabendeji yake, akaenda mpaka kwa Bibi Mbao, akamkumbatia kiunoni, akamng'oa kwenye kijiti. Kiwiliwili kikatoka, magoti yakabaki yamesimama peke yake. Mjumbe mmoja alifunika macho. Mwingine alifunika magoti yake mwenyewe.

"Shangazi, leta udongo."

Ukafika udongo. Bi Somoe akaunda nyonga na mapaja juu ya yale magoti, kwa kuwa vidole vyake vilikumbuka alichokifanya nyanya, na Zamda akawa anamwelekeza. "Hapana, juu kidogo. Hapo panene zaidi. Usikaze, Shangazi, si chapati." Kisha Zamda akachovya vidole katika maji, akafanya sehemu iliyobaki mwenyewe, na kila alipomaliza kitu alikitaja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba.

"Hiki ni kinena, kilima cha mbele, ndicho kinachoota nywele. Haya mawili ni mashavu ya nje, manene, kazi yake kufunika. Ukiyafungua, hii ni midomo ya ndani, myembamba. Mmoja waweza kuzidi mwenzake, mwingine ukachungulia nje, na wala si kosa, hakuna wawili wanaofanana. Hapa juu inapokutana, huyu aliyejifunika kofia ni kinembe. Chini yake katundu ka mkojo. Chini tena ni mlango wenyewe. Na hapa, kabla hujafika kule nyuma mnakokujua nyote, ni msamba."

Bwana Tindwa alikuwa amesogea karibu kuliko alivyowahi kusogea tangu ujana wake. "Hiki chenye kofia," alisema, "kina kazi gani?"

"Kinampendeza mwenyewe," alisema Zamda.

"Hiyo si kazi. Mkojo una njia yake, mtoto ana njia yake. Hiki hakimhudumii mtu mwingine yeyote. Napendekeza kisicho na kazi kiondolewe."

Bi Somoe akapata ulimi wake, wote mzima. "Vizuri, Bwana Tindwa," alisema. "Kama ni kuondoa visivyo na kazi, tuanze na viti hivi mlivyokalia."

Kilichofuata ni kicheko, tena kicheko kibaya, kwa sababu karani ndiye aliyekianzisha. Bwana Tindwa akaketi. Pendekezo lake halikupata wa kuliunga mkono.

Bwana Mbaruku hakucheka. Alikuwa ameinamia udongo, ameshika mshipi wa kanzu yake, anatazama pale chini. "Mlango huu," aliuliza polepole, "ndio wa kupitia mtoto?"

"Ndio, baba."

"Wa goti la kulia?"

"Na wa kushoto. Wote walio humu ukumbini walipita hapo, kichwa mbele, wanalia."

Pengine mzee alimkumbuka mdogo wake, aliyekula shingo za kuku maisha yake yote kwa sababu siku ile chai ilichelewa. Kisha akasema, "Mpeni binti fimbo."

Zamda akaishika fimbo. Akamgusa Bibi Mbao kushoto, chini, pembeni ya mlango.

"Daktari," aliuliza Mwenyekiti, "umeona palipoguswa?"

"Nimeona, Mwenyekiti. Ugonjwa huu una pahali."

"Basi nenda ukamtibu."

Wakarudisha kiwiliwili juu ya udongo, na hapo likazuka tatizo kubwa kuliko yote. Bibi Mbao sasa alikuwa mrefu. Hakuingia kabatini. Wakamwinamisha, hakuingia, wakamlaza, miguu ikatokeza. Bwana Tindwa, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa, alipendekeza wamkate kichwa ili atoshe, kwa kuwa kichwa kwa mwanamke si lazima, na pendekezo hilo lilipata mikono mingi kuliko inavyopendeza kusimulia. Walipokuwa bado wanabishana habari ya kabati, Daktari Shebe alikwisha kumchukua mgonjwa wake kwa mlango wa nyuma.

Muuguzi aliwasha taa, Bi Somoe akashika mkono wa Zamda. Daktari alinawa, akavaa glavu, akachukua kisu kidogo, kisha kwa mazoea ya nchi yake akainua uso juu.

"Daktari," alisema Zamda, "dari haliumwi."

Akashusha macho. Ganzi ikapigwa, jipu likapasuliwa, usaha ukatoka, na Zamda akatoa pumzi ndefu iliyosikika mpaka barazani. Jioni homa ilikuwa imeshuka. Mabendeji yakafunguliwa magotini, na magoti yake yakaonekana, laini, yanang'aa, hayana hatia yoyote.

Kidonda kilipokauka, Mahonge alitoa kigoda uani, akakifuta kwa upindo wa shati lake, akakiweka mbele ya mkewe. Majirani wakasimama mlangoni. Zamda akakizunguka kigoda kama kuku anayezunguka kiota, akashika bega la Shangazi yake, akajishusha kidogo, akasita, akajishusha tena.

Akaketi.

"Vipi?" aliuliza Bi Somoe.

"Kigoda kigumu," alisema Zamda, na machozi yakamtoka kwa raha. "Nileteeni nazi nikune."

Habari ya kabati haijaisha hata leo. Bibi Mbao aliachwa amesimama nje yake na kichwa chake, wakamfunga kanga kiunoni kwa ajili ya heshima. Kanga hiyo, kila ikifika adhuhuri, ilikutwa imelegea, na alama za vidole vyenye maji zimebaki kwenye udongo. Karani alilalamika kwamba wanawake wanaokuja kuumwa wamekuwa wengi sana, na kwamba ukiwauliza goti lipi, wanakutazama tu.

Bi Somoe alipofika mpakani kurudi kwao, Bwana Vuai alimpekua tena, kitu kimoja kimoja. Akakishika kile kioo chekundu, akaukagua muhuri. Ulikuwa umelowa na kupinda pembeni. Akautazama muda mrefu. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Bi mkubwa," alisema kwa sauti ya chini, "mke wangu ana goti."

"Lipi?"

Masikio ya Bwana Vuai yakawa mekundu kama lakiri. Bi Somoe alizijua aibu zile. Zake mwenyewe zilikuwa bado hazijapoa vizuri. Hakumcheka. Alikisukuma kioo kuelekea kwake juu ya meza.

"Mpelekee. Mwambie ajitazame mwenyewe kwanza, mchana, penye mwanga. Halafu akuambie wewe, nawe usitazame dari."

Ofisa alikaa nacho mkononi. Alipodhani mgeni amekwisha kugeuka, akatoa kisu chake cha kumenyea machungwa, na Bi Somoe akasikia nyuma yake lakiri inakwanguliwa, kwaru, kwaru, mpaka alipopinda njia.

Hadithi yangu nimeikalisha kigodani. Nanyi mliokaa, inukeni, chungu kinawangoja.